Lukla: ufupi wa njia si mkosaji mkuu
Ukitajwa uwanja wa ndege wa Lukla, kule Nepal, wengi husema ndege huanguka kwa sababu njia yake ya kurukia na kutulia ni fupi na imeinama. Ni fupi kweli: mita 527 tu. Ila mwinamo huo, karibu asilimia 12, ni msaada: ndege inayotua hupanda na kupunguza kasi, inayoruka huteremka na kuongeza mwendo. Cha kuogopwa zaidi ni mawingu. Rubani hutua kwa macho, mlima ukiwa mbele yake. Akishakaribia, hakuna kughairi. Oktoba 2008, ndege ndogo aina ya Twin Otter iliingia kwenye ukungu ikagonga ardhi kabla ya kuifikia njia. Watu 18 walikufa, akapona nahodha peke yake. Hapo urefu wa njia ungesaidia nini?