Saa ya meli na saa ya kisiwa: familia inaposhuka Grand Cayman

Kazi yangu ni kushusha watu na kuwapandisha. Niko kwenye meli za kitalii zinazotoka Miami na kuzunguka Karibi, kwenye meza ya matembezi ya nchi kavu, na siku ya bandari utanikuta nimesimama gatini na redio begani. Siku hizi naulizwa sana kwa Kiswahili na familia za kwetu zilizoko Texas, Minnesota au Ontario, zinazotaka kupanda meli na watoto pamoja na mzazi aliyetoka nyumbani. Swali ni lile lile: "Tukishuka Grand Cayman tutapata muda gani?" Ratiba inasema masaa 8. Mimi nawaambia wahesabu 5, na leo nataka kueleza yale 3 yanakokwenda.

Grand Cayman haina gati la meli kubwa. Meli hutia nanga nje ya mji wa George Town, na abiria huvushwa kwa maboti ya wenyeji. Chini ya maji ya bandari ile kuna matumbawe, na kujenga gati kungemaanisha kuyachimba. Watu wa kisiwa walibishana juu ya jambo hili kwa miaka mingi, mpaka Aprili 2025 walipopiga kura ya maoni na kulikataa. Mimi niliyekulia Likoni, nikivuka kwa feri kila asubuhi, kuvuka maji ili kufika mjini sikuoni kuwa ni shida. Lakini kunataka muda, na muda huo haupo kwenye ratiba.

Meli ikitia nanga saa 2:00 asubuhi, hakuna anayeshuka saa 2:00. Maofisa wa kisiwa hupitia kwanza nyaraka za meli. Kisha hutangulizwa waliokata tiketi za matembezi yao melini, na wengine hupewa namba wakangoja kuitwa. Familia ya watu sita, wenye mtoto mchanga na bibi wa mkongojo, ikichelewa kunywa chai inaweza kukanyaga nchi kavu saa 4:00.

Kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Panapotaka uangalifu ni mlangoni. Mlango uko ubavuni mwa meli, karibu na maji, na boti hupanda na kushuka na wimbi. Mabaharia wawili humshika mzee kigasha kwa kigasha, yaani pale kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, si kiganja kwa kiganja, maana kiganja kilichopakwa mafuta ya jua huteleza. Tunangoja boti ipande isawazike na kizingiti, tunasema "sasa", naye anapiga hatua moja tu. Mtoto mchanga afungwe kwa leso, mikono ya mama ibaki mitupu. Bahari ikichafuka, hasa miezi ya baridi upepo unapotoka kaskazini-magharibi, nahodha anaweza kuhamia Spotts, upande wa kusini wa kisiwa, au akaamua hatushuki kabisa. Akishaamua, nawaomba mumkubalie. Anayeona wimbi pale mlangoni ni yeye na watu wake.

Sasa niseme la raha. Wengi wanakwenda kuona taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, mahali panapoitwa Stingray City, ndani ya ghuba ya North Sound. Ni fungu la mchanga nyuma ya mwamba, maji ya kiunoni, meupe hadi unaona vidole vyako. Wavuvi wa zamani walikuwa wakiingia pale penye utulivu kupaa samaki, wakitupa matumbo majini, na taa wakazoea kuja kula. Wapo mpaka leo, na majike yao ni makubwa, upana unapita mkono wa mtu mzima. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumezoea kuhesabu bamvua kabla ya kwenda kwenye fungu, kwa kuwa Mombasa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kule tofauti haifiki hata nusu mita. Asubuhi au alasiri, fungu ni lile lile, kwa hiyo chagueni zamu ya kwanza ya asubuhi kabla maboti hayajajaa.

Mkiingia majini, buruteni nyayo mchangani, msinyanyue miguu. Taa hujifukia, na mwiba wake ni wa kujikinga anapokanyagwa. Ukimgusa ubavuni kwa mguu unaoburuta, anahama mwenyewe. Sheria ya kisiwa inamlinda, na kumtoa majini ni kosa, hata kama mwenye boti wa jirani anafanya hivyo ili watu wapige picha. Akitokea wa kuchomwa, jeraha hutiwa kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili, maana joto hulegeza sumu, kisha aonwe na daktari.

Mwaka jana, mwezi wa Julai, nilikuwa na familia moja kutoka Minnesota, na bibi yao ni mtu wa Lamu. Nilipomwamkia akanijibu, "Marahaba mwanangu, kwenu wapi?" Kutoka hapo hatukuachana. Kwenye fungu alisimama kando ya ngazi ya boti, buibui limefungwa kiunoni, akatazama taa wakizunguka wajukuu wake. Akaniambia utotoni alimjua taa kwa namna mbili tu, mkavu chunguni na mkia wake ukiwa kiboko mkononi mwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Akainama taratibu, akaweka kiganja wazi ndani ya maji. Taa mmoja akapita juu ya vidole vyake, tumbo jeupe na laini kama uyoga. Bibi akasema "Subhanallah" kwa sauti ndogo, na kiganja hakukiondoa.

Matembezi yale huchukua masaa 3 hivi, pamoja na basi la kwenda na kurudi. Baadaye wao wakachukua teksi kwenda Seven Mile Beach, na huko ndiko ilikokuwa hatari yenyewe.

Cayman haibadilishi saa mwaka mzima. Miami hubadilisha: kuanzia Machi hadi mwanzo wa Novemba inaitangulia Cayman kwa saa moja. Meli nyingi hubaki na saa ya Miami, lakini simu ikishika mtandao wa kisiwa hujirudisha nyuma yenyewe bila kukuuliza. Siku ile boti la mwisho lilikuwa saa 9:30 alasiri kwa saa ya meli. Kwenye simu ya baba wa familia, wakati huo ungesomeka saa 8:30. Kila mtu mzima pale ufukweni alikuwa na simu, na zote zilikuwa zinasema kitu kimoja.

Aliyekata matembezi melini hungojwa, au hutafutiwa njia. Aliye kivyake hangojwi. Bandari ya kesho ina zamu yake, na meli iliyochelewa hulazimika kwenda mbio na kuchoma mafuta mengi zaidi. Kabla ya kuondoka hufunguliwa sefu ya chumba cha asiyeonekana, pasipoti zake huachiwa wakala wa meli pale bandarini, na tiketi ya ndege ni juu yake mwenyewe. Nimeshashuhudia, na mama aliyebaki gatini na watoto watatu simsahau.

Kwa hiyo nasisitiza: usiku wa kuamkia bandari ulizeni saa ya meli, kisha mvae saa ya mkono, ya kawaida, isiyounganishwa na simu.

Bibi alikuwa nayo. Usiku uliotangulia alinijia mezani akaniomba nimrekebishie, nikamrekebishia. Saa 9:05 akamwambia mwanawe muda umekwisha. Mwanawe akamwonyesha simu, "Mama, bado ni saa 8:05." Bibi hakubishana. Alikung'uta mchanga kwenye mkongojo wake, akapanda kwenda barabarani, na wajukuu wakamfuata mmoja mmoja.

Nilikuwa na majina sita kwenye orodha wakati teksi iliposimama, saa 9:24. Baba akaja mbio, viatu mkononi. Bibi akaja nyuma yake kwa mwendo wake, akaninyooshea kigasha, si kiganja.