Latensi siyo kila kitu kinachozingua kwenye sauti

Siku hizi sauti ikizingua tu kwenye kompyuta, mtu anaambiwa "hiyo ni latensi". Ikikwaruza ni latensi, ikikatika katikati ya mstari ni latensi, vokali ikiachana na biti ni latensi, hata programu ikiganda wakati wa kutoa faili la mwisho utamkuta mtu anakwambia kompyuta yako ina latensi. Na anayejibu anajibu kwa nia njema kabisa, anasema shusha bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kabla ya kukifanyia kazi), jamaa anashusha, sauti inaharibika kuliko mwanzo, basi anaamini kompyuta imekufa na anaanza kutafuta hela ya nyingine. Inaniuma kwa sababu watu wengi wanaorekodi chumbani kwao hela wanaipata kwa shida, halafu inapotea kwa tatizo ambalo lingeisha kwa kubadilisha setingi moja.

Maana yenyewe ni fupi. Latensi ni muda unaopita tangu sauti iingie kwenye maiki, ipite kwenye kompyuta, mpaka uisikie kwenye hedifoni. Basi. Ni muda, unapimwa kwa milisekunde, na upo kila mahali, hata studio ya mamilioni inao, unapunguzwa tu ila haufiki sifuri. Hewa yenyewe inachelewesha sauti, maana sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ukisimama mita 3 kutoka kwenye spika unaisikia imechelewa karibu milisekunde 9 na hakuna mpiga gitaa anayelalamika kwa hilo. Waimbaji ndo wepesi kuhisi, kwa sababu wanajisikia pia kupitia mifupa ya kichwa papo hapo, na ile ya hedifoni ikija nyuma kidogo tu zinagongana, sauti inakuwa nyembamba na ya ajabu hata kabla hujaisikia kama mwangwi.

Huo muda unatoka wapi? Sehemu kubwa ni bafa. Kompyuta haichukui sauti sampuli moja moja (sampuli ni kipimo kimoja kidogo cha sauti), inazikusanya kwanza, zikifika idadi iliyopangwa ndo inazibeba kwa mkupuo na kuzifanyia kazi. Ni kama ndoo bombani: ndoo kubwa inachelewa kujaa lakini mbebaji ana muda wa kwenda na kurudi, ndoo ndogo inajaa chap ila mbebaji inabidi akimbie, akizubaa kidogo maji yanamwagika. Kwa namba sasa, kama unarekodi kwenye sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 128 ni milisekunde 2.7, bafa ya 512 ni 10.7, na ya 1024 ni 21.3. Na hapo ni njia moja tu, kuna bafa ya kuingilia na ya kutokea, kwa hiyo piga mara mbili halafu ongeza kidogo kwa ajili ya saundikadi (kifaa kinachoingiza na kutoa sauti kwenye kompyuta) yenyewe kugeuza umeme kuwa namba na namba kuwa umeme.

Hapa ndo ninapotaka tuelewane vizuri. Maji yakimwagika, hiyo siyo latensi. Ile sauti inayotoa ta-ta-ta, inayokwaruza, inayoruka kipande cha neno, maana yake kompyuta haijamaliza kazi ya bafa moja kabla ya inayofuata kufika, kwa hiyo kuna kipande cha sauti hakipo kabisa. Kwenye latensi sauti inachelewa lakini inafika nzima. Kwenye kukatika sauti haijafika. Na dawa zake zinapingana moja kwa moja: anayejisikia amechelewa anashusha bafa, anayesikia kukatika anapandisha bafa. Ukimpa wa pili dawa ya wa kwanza umemuongezea ugonjwa, na ndicho kinachotokea kila siku.

Kuna sababu ya watu kuchanganya na wala siwalaumu. Kuna kiprogramu cha Windows kinaitwa LatencyMon, watu wanashauriana kukiweka, na kweli kinasaidia sana, ila latensi inayopimwa mle siyo ile ya kwenye hedifoni. Kinachopimwa ni draiva za ndani ya Windows (viprogramu vinavyoendesha vifaa), mfano ya Wi-Fi au ya kadi ya picha, zinamshikilia prosesa kwa muda gani kabla hajamwachia draiva ya sauti ifanye kazi yake. Draiva moja ikimng'ang'ania, sauti inakatika. Kwa hiyo jina ni latensi, lakini matokeo unayoyasikia ni kukatika, na mtu akiona maandishi mekundu mle anakuja kusema nina latensi kubwa, wenzake wanamwambia shusha bafa, tunarudi kulekule. Wakati alichotakiwa kufanya ni kuzima Wi-Fi anaporekodi aone kama kuna mabadiliko, kuisasisha hiyo draiva, na kutoa kompyuta kwenye hali ya kubana matumizi ya betri.

Halafu kuna latensi ambayo ni latensi kweli ila bafa haihusiki nayo kabisa. Hedifoni za Bluetooth. Sauti inabanwa, inarushwa hewani, inafunguliwa upande wa pili, na mara nyingi huo mzunguko peke yake unazidi milisekunde 100, hata ushushe bafa mpaka 32 utajisikia vilevile tu. Za waya, hata ziwe za bei rahisi, zinamaliza hilo. Nyingine ni plagini, viprogramu vya kuchakata sauti vinavyopachikwa ndani ya programu ya kurekodi. Baadhi ya limita (plagini za kuzuia sauti isizidi kiwango) zinaisoma sauti mbele kidogo kabla hazijaibana, na hakuna namna ya kusoma mbele bila kuichelewesha, ekwalaiza (za kurekebisha besi na treble) za aina ya linear phase nazo hivyohivyo. Ukizipachika kwenye masta, yaani traki kuu ambako sauti zote zinapita, halafu ukataka kurekodi vokali, unajisikia nyuma na hujui kwa nini, kwa sababu jana yake ulikuwa sawa na hujagusa setingi yoyote. Programu inazipanga traki zilizokwisha kurekodiwa ziende pamoja, ila haina uwezo wa kukupa sauti yako kabla hujaitoa mdomoni. Kwenye programu ya kurekodi ya Reaper ukifungua dirisha la plagini, chini pale imeandikwa plagini zimechelewesha sampuli ngapi, angalia pale kwanza kabla ya kugusa kingine. Zima limita, rekodi, irudishe wakati wa kumiksi.

Hili la tatu ndo linanichosha zaidi: "nikimaliza kurekodi vokali inakuwa nyuma ya biti, nina latensi". Hapana, hapo kinachokosekana ni fidia. Programu inajua sauti imechelewa njiani, kwa hiyo baada ya kurekodi inatakiwa kuivuta traki ianze mapema kwa kiasi hichohicho ikae mahali pake. Ikipiga hesabu vibaya, traki inakaa pembeni. Programu ya kurekodi ya Audacity wameiweka wazi, ukiingia kwenye Preferences, sehemu ya Audio Settings, kuna Latency compensation, ndiyo hiyo fidia, na inakuja imeandikwa -130 milisekunde. Hiyo namba ni makadirio ya kuanzia tu, kompyuta yako inaweza ikawa na yake. Kuipata siyo kazi: andika 0 pale, tengeneza traki ya mdundo, bana hedifoni moja na maiki, rekodi huku mdundo unacheza, halafu vuta karibu mpaka uone pigo moja la juu na lile la chini lililorekodiwa. Chagua ile nafasi kati yao, soma ni milisekunde ngapi, andika namba hiyo ikiwa na alama ya kutoa mbele, imeisha. Lakini tafadhali, hiyo namba haipunguzi hata milisekunde moja ya kile unachosikia wakati unaimba. Inapanga traki baada ya tukio. Watu wanaibadilisha halafu wanashangaa mbona bado najisikia nimechelewa.

Na kama traki inaanza sawa na biti halafu inaachana taratibu, mwishoni ndo balaa, hiyo nayo ni kitu kingine kabisa, ni vifaa viwili kila kimoja kinahesabu muda kwa saa yake ya ndani. Umerekodi mahojiano kwa maiki ya USB na simu kwa pamoja, hizo saa zikipishana sehemu 20 tu katika milioni, baada ya saa 1 umepata milisekunde 72. Hapo hata fidia haisaidii maana tofauti inakua kila dakika, utanyoosha traki moja kidogo ilingane na nyingine.

Kwa anayejisikia amechelewa kweli, anza na draiva. Kwenye Windows, ile njia ya zamani ya MME inachelewesha sana, tumia WASAPI, au ASIO, ambayo Steinberg wa Ujerumani waliileta 1997 ili programu za muziki ziwasiliane na saundikadi bila kupita kwenye miksa ya Windows. Wenye Mac wana Core Audio tayari, njia ya sauti iliyomo ndani ya Mac yenyewe, hawahitaji hiyo. Na saundikadi nyingi zina kitufe au nobu ya direct monitor, inachukua sauti yako moja kwa moja na kukurudishia masikioni kabla haijaingia kwenye kompyuta, ukiiwasha kumbuka kuzima sauti ya traki unayorekodi ndani ya programu maana utajisikia mara mbili. Hapo unaweza ukaacha bafa yako kwenye 1024 na ukaimba bila shida yoyote. Wakati wa kumiksi ndo kabisa, hakuna anayeimba, sijui kwa nini watu wanaibana kompyuta kwa bafa ya 64 wakiwa na plagini 40.

Kwa hiyo ukija kuomba msaada, hilo neno liweke pembeni kidogo, tuambie unachosikia na unakisikia wakati gani. "Nikiimba najisikia nyuma." "Inakwaruza nikiplei traki nyingi." "Nikisikiliza baadaye vokali iko nyuma ya biti." Weka na bafa iko ngapi, draiva gani umechagua, hedifoni ni za waya au Bluetooth. Na wewe unayejibu, kabla hujamwambia mtu ashushe bafa, muulize kwanza, sauti inachelewa au inakatika?