Je, wajua kwa nini shule ndogo ya kijijini huishiwa chaki mapema kuliko ya mjini?

Chukua shule mbili za msingi za serikali. Moja iko Mbeya mjini na ina wanafunzi 900. Nyingine iko milimani Makete, mkoani Njombe, ina wanafunzi 180. Zote hupewa kiwango kilekile kwa kila mtoto, na ukiitazama kwenye karatasi utasema haki imetendeka. Lakini mwaka ukifika katikati, ile ya Makete ndiyo inayokata kila chaki vipande viwili ili ifike Desemba. Usimlaumu mwalimu mkuu, wala wazazi. Tatizo limo ndani ya hesabu yenyewe: fedha hugawiwa kwa vichwa vya watoto, ilhali gharama nyingi za shule hazifuati vichwa.

Mwaka 2002, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa Januari 2016, kiwango kilikuwa hichohicho, japo bei za dukani zilikuwa zimepanda mno. Katika hizo, 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 huingia kwenye akaunti ya shule mwezi kwa mwezi. Gawanya kwa 12, unapata shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Basi shule ya watoto 900 inapata 450,000 na ya watoto 180 inapata 90,000. Mishahara haimo humo, inatoka Hazina. Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, iliyopangwa 200,000 kwa mwezi, nayo ina fungu lake la pembeni. Yaani posho ya mtu mmoja inazidi mara mbili fedha yote ya kuendeshea shule ya Makete. Si kwamba posho ni kubwa. Ruzuku ndiyo ndogo.

Hizo 90,000 zinunue chaki, karatasi za mitihani ya ndani, shajala ya ofisi na mpira, zitengeneze kitasa na mguu wa dawati. Kabla ya yote kuna nauli. Tuseme safari ya kwenda benki na dukani, kwenda na kurudi kwa bodaboda, inakula 20,000. Kwa shule ya Makete hiyo ni zaidi ya moja ya tano ya fedha ya mwezi. Shule kubwa hata ikitumia kiasi hichohicho, imetoa chini ya asilimia 5, na kwa kawaida duka liko ng'ambo ya barabara.

Halafu kuna baridi. Mwezi Juni na Julai huko juu, kioo kimoja kikivunjika darasa la pili, upepo unaingia moja kwa moja kwenye madawati ya upande ule. Watoto huvuta mikono ya sweta hadi ifunike vidole, na mwandiko ndio unaoharibika kwanza. Kioo hicho hakisubiri fungu la mwezi ujao.

Penye uzito zaidi, kwa maoni yetu, ni walimu. Ikama ya msingi, yaani idadi ya walimu inayotakiwa, ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Gawa 180 kwa 45: walimu wanne. Sasa hesabu vyumba: awali, kisha darasa la kwanza hadi la saba, jumla vinane. Kila mwalimu ana madarasa mawili kwa wakati mmoja. Anaandika zoezi la hesabu ubaoni darasa la tatu, anakimbilia la nne kufundisha, akirudi wa tatu wameshaanza kupiga kelele na wengi wamekosea swali la kwanza. Mmoja akienda semina au likizo ya uzazi, robo ya walimu imeondoka. Hapo wengi huelekeza nguvu darasa la saba kwa sababu ya mtihani, na wadogo hubaki bila kusoma vizuri. Pengo hilo huonekana kwenye upimaji wa darasa la nne, wakati kulirekebisha kumeshakuwa kazi nzito.

Kwenye matokeo ya darasa la saba, tahadhari. Alama ni kati ya 300, na daraja C linaanzia 121. Shule ikiwa na watahiniwa 12, mmoja akiugua na kushuka kutoka 200 hadi 80, wastani wa shule nzima unashuka alama 10. Kwenye shule ya watahiniwa 120, mtoto huyohuyo angeushusha alama 1 tu. Ndiyo maana Baraza la Mitihani, lilipokuwa bado linapanga shule kwa nafasi, lilitenga zenye watahiniwa chini ya 40. Shule ndogo ipimwe kwa miaka mitatu minne kwa pamoja.

Wapo wanaosema shule ndogo ziunganishwe. Atakayesema hivyo aende kwanza vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa wilayani Ludewa, kama Lumbila na Kilondo, ambako kwa muda mrefu safari imekuwa ya mtumbwi au boti. Shule shikizi, yaani vituo vidogo vilivyo chini ya shule mama, zilianzishwa kwa sababu hiyo: mtoto wa miaka sita hawezi kuvuka bonde na mto kila asubuhi.

Kinachohitajika ni kianzio, yaani kiasi kilekile cha fedha kwa kila shule, kabla ya kuhesabu vichwa. Kikiwa 60,000 kwa mwezi, shule ya mjini inaongezewa asilimia 13, ya Makete asilimia 67.

Kianzio hicho kisipokuwepo, kamati ya shule ianze na takwimu. Mtoto aliyeandikwa kwenye daftari la mahudhurio lakini hayumo kwenye mfumo wa serikali hana ruzuku. Kila muhula wajumbe wakae na mwalimu mkuu, walinganishe majina darasa kwa darasa, waliohamia waingizwe na waliohama waondolewe. Shule ya watoto 180 ikisahau 15 tu, imepoteza 90,000 kwa mwaka, ambayo ni ruzuku ya mwezi mzima.