Piriton haitamwokoa mtoto mwenye mzio wa karanga

"Mtoto alidhurika na karanga, nikampa Piriton, ile dawa ya kupunguza mzio, na maziwa, akatulia." Hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nimeyasikia maneno haya hadi yamenichosha. Kwa kuwa yanaweza kuua, nayajibu kwa kirefu.

Piriton hupunguza kuwashwa na vipele, basi. Haifungui koo lililovimba, haipandishi presha inayoporomoka. Tena kidonge huchukua nusu saa au zaidi kuanza kazi, na shambulio kali linaweza kumkata mtoto pumzi ndani ya dakika chache. Maziwa hayatibu chochote, na mtoto anayehema kwa shida anaweza kupaliwa nayo. Huyo aliyetulia alipata shambulio dogo ambalo pengine lingeisha lenyewe. La leo likiwa dogo, la kesho si lazima liwe dogo.

Dawa ni adrenalini: sindano ya msuli, upande wa nje wa paja, miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 15 hupata mililita 0.15 kutoka ampuli (kichupa cha dawa ya sindano) ya miligramu 1 kwa mililita. Asipopata nafuu baada ya dakika 5, hurudiwa. Kwa hiyo amekula karanga, akaanza kukohoa mfululizo, sauti ikakwaruza au mwili ukalegea, usingoje vipele, mwahishe apate adrenalini. Wengine hawatoki vipele kabisa. Mlaze, miguu juu. Akihema kwa shida, mwache akae. Asitembee kuifuata boda, mbebe. Hata akipona, abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, maana shambulio linaweza kurudi. Nawasihi wazazi: nendeni mkaulize leo, mtoto akiwa mzima, ni kituo gani cha karibu chenye adrenalini.

Kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu, si kweli. Kwamba karanga zikiiva vizuri hazidhuru, si kweli pia: kuzikaanga kavu huongeza ukali wa protini yake. Wengine husingizia kuvu iliyoota kwenye karanga. Sumu ya kuvu huharibu ini. Mzio huletwa hata na karanga safi kabisa.

"Tumwonjeshe kidogo kidogo azoee." Hapa mambo mawili yamechanganywa. Utafiti wa Uingereza wa 2015 ulionyesha kwamba watoto walioanza kulishwa karanga wakiwa na miezi 4 hadi 11 walipata mzio mara chache sana kuliko walionyimwa. Hiyo ni kinga kabla mzio haujaingia, na ndiyo maana siwakatazi wazazi kuweka karanga iliyosagwa laini kwenye uji wa mtoto mdogo. Mwenye mzio tayari hajaribiwi nyumbani.

Na wale wanaosema, "Sisi hatuli karanga, malakwang yetu ni ya simsim tu" (malakwang ni mboga ya majani inayopikwa kwa karanga au simsim, yaani ufuta, iliyosagwa): mmesagia wapi? Ile mashine ya sokoni imetoka kusaga karanga za mteja aliyewatangulia, na mabaki yake yamejaa kwenye mdomo wa kinu. Nunueni simsim nzima, mtwange nyumbani.