Mkopo wa nyumba Dodoma: bima ya maisha ya mkopaji na akiba inayopunguza riba

Tangu Serikali ihamie Dodoma, wengi ninaowashauri ni watumishi waliochoka kulipa kodi ya pango na sasa wanatafuta nyumba yao Iyumbu, Nzuguni au Njedengwa. Swali lao la kwanza ni benki itawakata kiasi gani kwa mwezi. Mimi huanza na jingine: deni lako litapungua kwa kasi gani?

Chukua mkopo wa shilingi milioni 80, riba asilimia 15 kwa mwaka, muda wa miaka 20. Rejesho la mwezi ni kama 1,053,000. Katika rejesho la kwanza, shilingi milioni moja nzima inakwenda kwenye riba. Kinachopunguza deni ni 53,000 tu. Lipa miaka mitano bila kukosa mwezi hata mmoja: umeshatoa zaidi ya milioni 63 na bado unadaiwa kama milioni 75. Mwaka wa kumi ukiisha, deni liko milioni 65. Benki haijakuibia. Riba inakokotolewa kwenye salio, na miaka ya mwanzo salio ni kubwa.

Sasa mwenye mshahara akifariki mwaka wa tano, familia inabaki na msiba na deni la milioni 75, na dhamana ni nyumba hiyohiyo wanayolala. Kazi ya bima ya maisha ya mkopaji ni hiyo: kampuni ya bima inalipa salio, benki inaachia hati, nyumba inabaki kwa warithi. Bima nyingi za aina hii hupungua kadiri deni linavyopungua, na fedha zinakwenda benki moja kwa moja. Mjane hapati hata senti ya ada ya shule. Ukitaka familia ibaki na fedha mkononi, unahitaji bima nyingine ya maisha ambayo kiwango chake hakishuki na mnufaika wake ni mtu wako. Na usiichanganye na bima ya moto. Hiyo inalinda jengo tu.

Sehemu inayoniumiza zaidi ni fomu ya afya. Ina safu ya maswali: umewahi kutibiwa shinikizo la damu? Kisukari? Umelazwa miaka ya karibuni? Nimeona fomu ambazo alama za "hapana" zimeshuka kutoka juu hadi chini kwa kalamu moja, mwandiko wa afisa mikopo, mteja ameweka sahihi tu kwa sababu alikuwa anawahi kurudi kazini Mtumba. Mteja huyo anakunywa dawa za presha kila asubuhi. Akifariki kwa kiharusi, kampuni itaomba kumbukumbu za hospitali, itakuta presha ilikuwepo kabla ya mkataba, na inaweza kukataa dai. Jaza fomu mwenyewe. Sema ukweli hata kama ada ya bima itapanda, na baki na nakala. Dai likikataliwa na familia haikuridhika, Msuluhishi wa Migogoro ya Bima yupo kwa ajili hiyo.

Uliza pia ada inalipwaje. Ikikatwa yote mwanzoni na kuingizwa ndani ya mkopo, unailipia riba miaka yote: kwa mfano wetu, ada ya milioni 2 itakugharimu zaidi ya milioni 6 hadi mwisho. Na kama rejesho linategemea mishahara ya mume na mke, wakatiwe bima wote wawili. Mara nyingi nakuta jina la baba peke yake, wakati mama ndiye anayechangia nusu.

Upande wa akiba, Uingereza na Australia kuna mikopo ya nyumba iliyofungamanishwa na akaunti ya akiba ya mkopaji. Ukidaiwa milioni 80 na akaunti ina milioni 10, riba inatozwa kwenye milioni 70. Akiba yako haipati riba, lakini iko palepale na unaweza kuitoa mtoto akiugua. Kwa mfano wetu, milioni 10 zikikaa tangu siku ya kwanza na rejesho likabaki lilelile, deni linaisha baada ya miaka 12 na miezi minane hivi badala ya 20, na milioni 10 zako bado zipo. Ingewafaa sana wakulima wa zabibu, ambao fedha huwajia kwa mkupuo kwa misimu.

Mikopo mingi ya nyumba hapa kwetu haina akaunti ya namna hiyo, ila faida yake kubwa unaweza kuipata kwa kulipa ziada. Fedha ukiiweka kwenye akaunti ya kawaida, riba unayopewa ni ndogo kuliko unayotozwa, na bado inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Iliyolipwa kwenye deni inakuokolea asilimia 15 kamili. Tofauti ni kwamba ukishailipa huwezi kuichukua tena, kwa hiyo tenga kwanza matumizi ya miezi mitatu hadi sita ya nyumbani.

Kabla ya kusaini barua ya ofa, soma kifungu cha kulipa kabla ya muda. Je, kuna faini? Kiwango cha chini cha kulipa ni kiasi gani? Na siku unapopeleka hiyo ziada, andika barua ukitaka rejesho libaki lilelile na muda ndio ufupishwe. Usiposema, benki inaweza kukushushia rejesho na kuacha miaka ileile. Utapumua kidogo kila mwezi, lakini sehemu kubwa ya riba uliyotaka kuikwepa utakuwa umeilipa. Dai ratiba mpya ya marejesho yenye muhuri, uone tarehe ya rejesho la mwisho imesogea mpaka wapi.