Pengo la fedha katika nyumba za gharama nafuu: jiji linalipia nini hasa?

Nchini Marekani, baraza la jiji likipitisha dola milioni kadhaa kwa ajili ya jengo la nyumba za gharama nafuu, wakazi wengi hudhani jiji ndilo linalojenga. Mara nyingi sivyo. Mwenye mradi ni kampuni au shirika lisilo la faida, na jiji linaingia kuziba pengo la fedha, yaani kile kinachopungua baada ya kujumlisha vyanzo vingine vyote na kuona bado havifikii gharama.

Chanzo cha pengo ni kodi ya pango. Katika nyumba hizi haipangwi kwa kutazama bei ya ardhi, mbao au saruji. Inapangwa kwa kutazama kipato: kwa kawaida ni asilimia 30 ya kipato cha ngazi iliyolengwa, kwa mfano kaya yenye asilimia 60 ya kipato cha kati cha eneo, ambacho nusu ya kaya ziko juu yake na nusu chini. Fundi na muuza saruji hawajali mpangaji anapata kiasi gani. Kwa hiyo gharama inaweza kupanda bila kodi ya pango kupanda nayo.

Benki nayo hukopesha kile tu ambacho kodi inaweza kulipa baada ya kutoa bima, matengenezo, mishahara ya wasimamizi na akiba ya dharura. Kisha kuna mpango wa serikali kuu uliotokana na sheria ya kodi za serikali ya mwaka 1986: mwekezaji anatoa mtaji wa ujenzi, naye anapunguziwa kodi anayodaiwa na serikali kwa miaka 10. Tuseme mradi unagharimu dola milioni 20. Benki inatoa 5, mwekezaji 11. Hizo 4 zilizobaki ndizo zinazopelekwa mbele ya madiwani.

Wanaopinga husema huku ni kumgawia mjenzi fedha za umma. Wana hoja kidogo, maana ada ya mwenye mradi imo ndani ya hesabu na inafaa kuulizwa. Lakini fedha za jiji kwa kawaida hutolewa kama mkopo nafuu wa muda mrefu, mara nyingi miaka 30 au zaidi, wenye riba ndogo, unaolipwa pale tu jengo linapobakiwa na ziada. Ziada hiyo huwa haba, na kila mtu mezani anajua. Kinachobaki na nguvu ni sharti lililofungwa kwenye ardhi yenyewe: kodi ya pango isivuke kiwango fulani kwa miaka mingi, hata jengo likiuzwa.

Kura ya baraza pia si hundi. Ni ahadi yenye masharti. Jiji linapotumia fedha za HOME, mpango wa serikali kuu ulioanza mwaka 1990, haliruhusiwi kujifunga kisheria na mradi mpaka vyanzo vingine vyote vipatikane na kuwe na matumaini ya kweli kwamba ujenzi utaanza ndani ya miezi 12. Huku upande wa pili, majimbo mengi huupa mradi alama zaidi kwenye ushindani wa kupata ile nafuu ya kodi ya serikali anayopewa mwekezaji, ukiwa tayari na ahadi ya jiji. Kila mfadhili anamsubiri mwenzake. Ndiyo maana barua ya ahadi kutoka jijini, hata ya kiasi kidogo, inaweza kuufungulia mradi milango mingine.

Wakati wote wa kusubiriana, riba inaweza kupanda au mwekezaji akapunguza mtaji anaotoa kwa nafuu ileile ya kodi ya serikali. Pengo linapanuka, mradi unarudi kuomba nyongeza, na madiwani wanakasirika, ingawa kilichobadilika mara nyingi hakiko mikononi mwa mwombaji.

Kosa moja kwenye mijadala hii ni kulinganisha miradi kwa fedha za jiji kwa kila nyumba, kisha kusifu ule wenye tarakimu ndogo. Mpangaji mwenye asilimia 30 ya kipato cha kati analipa karibu nusu ya kodi ya mwenye asilimia 60, hivyo jengo lake linakopesheka kidogo na pengo lake ni kubwa zaidi. Mradi unaoomba kidogo unaweza kuwa umesimamiwa vizuri. Unaweza pia kuwa umechagua wapangaji wenye nafuu. Jibu liko kwenye jedwali la ngazi za vipato, ambalo kwa kawaida huambatanishwa mwishoni mwa nyaraka za kikao.