Je, wajua kwa nini kompyuta ya kazini hudai leseni ukikaa nayo nyumbani?

Ofisini ilikuwa haina neno. Umekaa nayo nyumbani miezi kadhaa, siku moja unaiwasha unakuta maandishi ya kijivu chini kulia: Activate Windows. Wengi hudhani taasisi yao iliuziwa programu bandia. Mara nyingi sivyo. Leseni ile haikuwa ya kudumu, kompyuta iliiazima.

Taasisi zenye kompyuta nyingi hutumia mfumo wa Microsoft uitwao KMS. Seva ya taasisi, yaani kompyuta kuu inayozihudumia nyingine, huithibitisha kila kompyuta kwa siku 180. Kompyuta nayo haingoji siku hizo ziishe. Kila baada ya siku 7 huitafuta seva kimyakimya, na ikiipata, hesabu inaanza upya. Ndiyo maana ukiwa ofisini huoni lolote. Ukiondoka kwenye mtandao wa ofisi, siku zinapungua tu.

Dawa yake basi ni kurudi kwenye mtandao huo, kwa miguu au kwa VPN ya kazini, yaani njia ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kwa ruhusa ya msimamizi, andika slmgr /ato, subiri. Kisha slmgr /xpr itakuonyesha leseni inaisha lini. Ikija namba 0xC004F074, seva haijapatikana: huenda VPN haijashika, au mlango wa mtandao (port) namba 1688 umefungwa, na hapo mwite mtu wa TEHAMA. Shule ndogo zina tatizo lao: seva ya KMS haithibitishi Windows za kawaida mpaka kompyuta 25 ziwe zimeiomba. Maabara ya kompyuta 12 peke yake haifikii idadi hiyo, inahitaji leseni ya aina nyingine.

Nakusihi usipakue zile programu za kuvunja leseni. Nyingi hujifanya seva ya KMS ndani ya kompyuta yako, na maelekezo yake huanza kwa kukutaka uzime kinga ya virusi. Kwenye mashine yenye mishahara ya watu au alama za wanafunzi, huko ni kumfungulia mlango mtu usiyemjua.

Kabla ya yote, tazama saa. Niliwahi kuhangaika asubuhi nzima na kompyuta ya maabara ya shule iliyokuwa ikileta 0xC004F06C kila nikijaribu. Mtandao ulikuwepo, seva ilikuwepo. Nilipotupa jicho pembeni nikaona tarehe imerudi nyuma miaka mingi. Saa ya kompyuta ikipishana na ya seva kwa zaidi ya saa 4, ombi linakataliwa. Nikafungua kasha: betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu inayotunza saa umeme ukikatika, ilikuwa imekufa. Nikaweka mpya, nikarekebisha tarehe, nikaandika tena slmgr /ato. Ikakubali mara moja.